Taa ya Matundu Mia Mbili na Kumi na Matatu

Pale karakanani wanamwita Mama Michoro, ingawa hajazaa, na aliyewahi kumuuliza kwa nini hajazaa hakurudia kuuliza. Chumba chake kiko ghorofani, mwisho wa ngazi ya chuma ambayo kipandio chake cha nne kinalia, kwa hiyo hakuna anayeweza kumfuma amesinzia. Kina madirisha mawili. Moja linatazama chini kwa mafundi, jingine linatazama ukuta wa jirani, na yeye ameelekeza meza yake kwenye ukuta. Wageni hudhani ni kwa sababu ya mwanga. Mwanga hauhusiki hata kidogo.

Ukimuuliza kazi yake atakujibu kwa mkato kwamba anaweka nukta kwenye mipira, na hatanii. Karakana inatengeneza taa za shaba, za duara, zenye matundu. Ukiwasha balbu ndani, mwanga unatokea matunduni na kutapakaa ukutani na darini. Kabla fundi hajatoboa tundu hata moja, lazima ijulikane kila tundu litakaa wapi, na hapo ndipo anapoingia mama huyu na kompyuta yake. Usidharau. Kuweka nukta kwenye karatasi hata mtoto wa chekechea anaweza. Kwenye tufe ni balaa, maana tufe halina pembe wala ukingo. Hujui uanzie wapi, na ukishaanza hujui umalizie wapi. Ukizipanga kwa mistari kama ile ya latitudo na longitudo ya ramani za shule, kiunoni zitakaa kwa raha zao na utosini zitabanana. Ukitaka zitawanyike sawasawa kuna mbinu nyingine, ya kuigeuza kila nukta nyuzi mia na thelathini na saba na nusu kutoka kwa mwenzake huku unapanda. Mama Michoro anaijua mbinu hiyo vizuri kuliko namba yake ya simu. Alijifunza kwa machungu, tena kwa kuchelewa.

Kwenye droo yake ya kulia kuna bikari ya chuma, ile yenye miguu miwili mikali ya kupimia nafasi, iliyokazwa kwa skrubu. Si yake. Ni ya mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, ambaye karakana nzima ilikuwa ikimwita Mkono. Mwaka wa tisa huu bikari imelala mle, miguu imeachana upana wa vidole vitatu, vilevile mwenyewe alivyoiacha. Siku nyingine Mama Michoro anafungua droo kutafuta kifutio, anaiona, na kifutio kinasahaulika. Anamkosa mdogo wake. Sioni haja ya kulizungusha jambo hili kwa maneno ya heshima: anamkosa kila siku ya kazi, na Jumapili ndiyo zaidi.

Mama yao alifariki Mkono akiwa na miaka minne na yeye akiwa na kumi na mitano. Baba alikuwepo kwa jina. Kwa hiyo yeye ndiye aliyemwogesha, aliyemchapa na kumbembeleza, aliyempeleka shule siku ya kwanza na kubaki dirishani mpaka mwalimu akamfukuza. Mpira wa dukani haukuwepo, basi akawa anamtengenezea wa matambara. Alikuwa akiyafinyanga matambara mpaka yawe duara, anafunga fundo la kamba kwa chini, kisha anamwambia, "Shika hapo kwa dole gumba. Usiachie." Halafu anazungusha kamba, mzunguko juu ya mzunguko, nafasi ileile, mpaka juu. Mtoto alilishikilia fundo lile kwa nguvu zake zote, ulimi nje, jasho puani, kama vile akiachia nyumba nzima itafumuka. Mpira ulidumu wiki mbili ukikaa sana. Ukifumuka, wanakaa chini tena: fundo, dole gumba, kamba.

Baadaye yeye aliajiriwa karakanani kuchora kwa penseli na rula, akamwingiza na mdogo wake kama fundi wa kutoboa. Kijana alikuwa na mkono wa ajabu. Alikuwa akipewa tufe tupu la shaba, anajifungia kwenye kona yake na uzi, bikari na sindano ya kukwaruzia chuma, na kesho yake tufe lina alama zote, hakuna penye msongamano wala penye upara. Hakupenda kutazamwa akipanga. Ukimuuliza anafanyaje, anacheka: "Kwa uzi tu." Dada mtu hakuwahi kuchimba zaidi. Alikuwa na michoro yake.

Sasa, Jumatatu moja asubuhi, kipandio cha nne kililia mara mbili. Akaingia mwenye karakana, Mzee Miwani, na nyuma yake mama mmoja mtu mzima, daktari wa meno aliyestaafu, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye taulo. Akakiweka mezani, akafungua taulo. Ilikuwa taa ya shaba, imepauka, na kitako chake kimebonyea vibaya, chuma kimejikunja na kupasuka.

"Mafundi wa rangi," daktari alisema, kwa sauti ya mtu ambaye ameshawasamehe ila hajasahau. "Waliisogeza ngazi, taa ikaanguka chini kwa kitako. Nataka nyingine hivyo hivyo. Msiniletee ya kisasa. Hivyo hivyo."

"Tutakuchorea, mama," Mzee Miwani alimjibu. "Huyu hapa ndiye mwenyewe."

"Nimekaa nayo karibu miaka kumi," daktari aliendelea, akiipapasa. "Nakaa chini yake nasoma gazeti, haijawahi kunichoma macho hata siku moja. Na mlango ukifunguliwa upepo ukaigeuza kidogo, nukta zinapanda ukutani. Zinapanda polepole, zinazunguka huku zinapanda. Mume wangu alikuwa akisema ni siafu wa peponi. Mnielewe. Zikikaa tu kama za taa nyingine, siitaki."

Mama Michoro aliitikia, akatikisa kichwa panapostahili, akaandika kwenye daftari. Walipotoka alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alikuwa ameitambua taa ile kabla taulo halijafunguka lote. Ilikuwa ya mwisho kupangwa na Mkono kwa mkono wake, wiki chache kabla ya ile taa kubwa.

Ya taa kubwa ilikuwa hivi. Karakana ilipata kazi ya kutengeneza taa ya ukumbi wa mapokezi wa hospitali, tufe lenye upana wa mita nzima. Ndio kwanza Mama Michoro alikuwa ametoka kusomea kuchora kwa kompyuta, miezi mitatu, na kichwa kilikuwa kimemvimba. Tuseme ukweli, kilivimba. Alichora mstari mmoja wa nukta kutoka utosini mpaka kitakoni, akaipa kompyuta amri ya kuurudia mara thelathini na sita kuzunguka mhimili, na kufumba na kufumbua tufe zima likajaa. Mafundi wakapiga makofi. Mzee Miwani alivua miwani akaipangusa akaivaa tena.

Mkono peke yake hakupiga makofi. Alilitazama tufe pale kwenye kioo, akainamisha kichwa upande, akasema taratibu ili wengine wasisikie, "Dada, huku utosini matundu yatakanyagana."

"Hayakanyagani. Angalia, nukta zote zimetoshea."

"Kwenye kompyuta hakuna shaba, Dada."

Alikuwa sahihi, na kosa lilikuwa la kitoto kiasi kwamba hata leo likimjia yuko jikoni anaacha kijiko. Yeye aliweka nukta. Nukta haina upana. Utaweka thelathini na sita au elfu moja kwenye duara dogo kama la kikombe, zote zitatoshea na hazitalalamika. Tundu la drili lina upana wa milimita kumi na mbili. Tena tufe alilitazama kwa ubavuni tu, pale kiunoni palipopendeza. Hakuligeuza hata mara moja kulitazama utosini. Kugeuza ni kusukuma kipanya kidogo tu.

"Wewe toboa kama ulivyopewa," alimwambia.

Mkono alitoboa siku nne. Alipofika duara la mwisho la juu alipanda ngazi akamuuliza kama airuke safu ile. Wenye kazi walikuwa njiani wanakuja kutazama, na Mama Michoro hakutaka kuonekana anarekebisha. Akasema hapana. Basi watu wa hospitali wakasimama pale, Mzee Miwani katikati yao anachekacheka, na Mkono akatoboa. Matundu yakaingiliana, moja na jirani yake, hilo na jirani yake, na alipofika la thelathini na sita utosi wote wa taa ukakatika, ukadondokea ndani ya tufe na kulia kama kifuniko cha sufuria. Miezi miwili ya kulifua tufe lile kwa nyundo ilikuwa imekwenda na maji.

Mzee Miwani aliinua macho kwenye ngazi, alikosimama Mama Michoro na mchoro mkononi. "Imekuwaje?"

Na yeye akasema, "Mchoro uko sawa, Mzee."

Maneno manne. Hakumtaja mtu. Hakusema mkono wa mdogo wake uliteleza. Aliyasema yale manne na kuwaachia wengine wamalizie, nao wakamalizia. Mkono alimtazama. Hakumtazama kwa hasira, na hilo ndilo linalomuua. Alimtazama kama anayengoja mtu amalize sentensi. Alipoona haimaliziki, alivua aproni, akaitundika msumarini, akasema, "Haya, Dada," akatoka. Wiki iliyofuata alipanda basi kwenda mji wa mbali, na huko mpaka leo anachomelea mageti. Habari zake huja kwa shangazi yao: amehama chumba, ameumwa kidogo, amepona. Ana mtoto wa kike. Mtoto huyo ana miaka mitano na Mama Michoro hajawahi kumwona hata kwenye picha, kwa kuwa hajawahi kuomba picha.

Wiki nzima baada ya siku ile alijiambia atasema. Kisha mwezi. Unajua mambo ya namna hii yalivyo. Ukilichelewesha neno, nalo linazidi uzito, mpaka siku moja unagundua huna tena mkono wa kulinyanyulia. Alichofanya ni kugeuza meza yake ielekee ukuta, asiione kona ile na msumari ule. Na akajifunza kupanga nukta kwa kila mbinu iliyopo duniani, kana kwamba mtu angekuja kumtahini.

Basi, tumrudie na taa ya daktari. Jumatatu yote na Jumanne alipima. Alihesabu matundu mia mbili na kumi na matatu, na kitakoni pale palipobonyea na kupasuka hapakuhesabika. Alijaribu kuyaingiza kwenye safu za latitudo, yakakataa. Hakukuwa na matundu mawili yaliyokaa usawa mmoja. Akajaribu mbinu yake ya nyuzi mia na thelathini na saba na nusu. Ilitoka nzuri, imetulia, imetawanyika, na alipoizungusha kwenye kioo akaona kabisa kwamba siyo. Nukta za mbinu ile zinametameta kila upande kwa pamoja. Hazipandi. Daktari angeirudisha siku hiyohiyo.

Jumatano saa nne asubuhi jua lilipenya kati ya paa lao na ukuta wa jirani, kama linavyofanya kwa dakika ishirini tu kila siku, likailalia taa kwa ubavu. Akaona mstari. Mwembamba kama unywele, umekwaruzwa kwenye shaba, unatoka tundu hili kwenda lile. Aliuwekea ukucha, akaufuata. Ulizunguka tufe lote na kurudi juu kidogo ya pale ulipoanzia, ukazunguka tena, ukapanda tena. Alivua miwani yake ya kusomea, akaivaa tena. Mizunguko kumi na mitatu, nafasi ileile, kutoka kitakoni mpaka utosini, na matundu yote yameketi juu ya mstari huo mmoja.

Kwa uzi tu.

Alifungua droo. Akajikaripia kwa sauti, "Tulia, mama, wewe ni mtu mzima." Akaichukua bikari bila kugusa skrubu, akaweka mguu mmoja kwenye tundu na mwingine kwenye tundu linalofuata juu ya mstari. Ukaingia. Akasogeza mbele: ukaingia. Bikari ilitembea juu ya taa tundu kwa tundu bila kupungukiwa wala kuzidi, kwa sababu tangu taa hii ilipoisha hakuna aliyeilegeza. Alipima hata mizunguko ilivyopishana, toka wa chini hadi wa juu. Ni upana uleule.

Hapo ndipo alipokaa chini, akaelewa. Alielewa jinsi ilivyopangwa, na alielewa ilikotoka. Fundo kwa chini, kamba inazunguka, nafasi ileile, mpaka juu. Mdogo wake hakuwa na siri yoyote pale konani. Miaka yote alikuwa anafunga mpira wa matambara, ule aliofundishwa na dada yake sakafuni akiwa na miaka minne, na dada huyo akaja akamwambia atoboe kama alivyopewa. Alilia, tena si kile kilio cha kujipangusa kwa ncha ya kitenge. Alilia mpaka kwikwi, na fundi wa mashine, mropokaji mmoja anayeitwa Redio, alipanda kuulizia kipimo cha skrubu, akafika kipandio cha nne, akasikia, akashuka kinyumenyume.

Mchoro wenyewe haukuchukua saa mbili. Alichora tufe, akalizungushia mstari unaopanda kwa mizunguko kumi na mitatu, akaiambia kompyuta iweke nukta juu ya mstari kila baada ya upana wa bikari. Zikatoka mia mbili na kumi na nne. Hesabu ikamridhisha: mia mbili na kumi na tatu alizohesabu, na ya kwanza pale mstari unapoanzia, ambayo bila shaka imepotelea kwenye mbonyeo. Safari hii alibadilisha kila nukta kuwa tundu lenye upana wake kamili. Akaligeuza tufe akalitazama utosini. Akaligeuza akalitazama kitakoni. Akalizungusha polepole, na matundu yakapanda.

Kisha akashuka ngazi, mchoro mkononi, akabisha hodi kwa Mzee Miwani.

"Mzee, nina neno. Si la taa hii. La ile kubwa."

Mzee alikuwa anapangusa miwani kwa upindo wa shati. "Ipi?"

"Ya hospitali. Nilisema mchoro uko sawa. Haukuwa sawa. Mdogo wangu aliliona kosa mapema, akaniambia mara mbili, mimi nikamlazimisha. Halafu nikanyamaza mbele yenu."

Mzee hakuivaa miwani. Bila miwani uso wake ulikuwa kama wa mtu mwingine, mzee zaidi. "Miaka tisa," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Miaka tisa nimemweka yule kijana kwenye fungu la wazembe." Alipumua. "Unajua alikuja hapa mjini mwaka juzi? Tulipishana stendi. Akanisalimia, 'Shikamoo, Mzee,' kwa adabu zake zote. Nikampita kama sikumwona. Mimi na umri wangu huu. Nikamnyima mtoto wa watu salamu kwa ajili ya maneno yako."

Mama Michoro alikuwa amejiandaa kwa kufokewa, hata kwa kufukuzwa. Hili hakuwa amejiandaa nalo. Mkono alifika mji huu, akatembea mitaa hii, umbali wa dakika kumi kutoka ngazi ile ya chuma, akapanda basi akarudi. Hakuja.

"Sina la kukwambia," Mzee alisema hatimaye. "La kusema si kwangu mimi, ni kwake. Nenda."

Alimpigia shangazi, kwa sauti ya chini, amegeukia ukuta wa jirani. Akaomba namba.

"Namba?" shangazi alishangaa. "Mwanangu, namba ya mdogo wako unayo. Hajabadilisha laini tangu aondoke. Hata mimi nilimwambia badilisha mtandao, hapa kwetu haushiki vizuri. Akakataa. Akasema, 'Hii kuna watu wanaijua, shangazi.'"

Alikaa na simu kwa muda ambao sitausema. Mwishowe aliandika, akafuta, akaandika tena, akatuma pamoja na picha ya mchoro: "Mdogo wangu, mchoro wa taa kubwa haukuwa sawa. Uliniambia nikakuzima. Leo nimemwambia Mzee. Kuna mteja anataka nyingine kama hii taa yako ya zamani. Nimeipanga kwa kamba, kama ulivyoipanga wewe. Kitako kimepondeka, sikioni. Niangalizie kama nimekosea."

Ujumbe ukafika. Ukasomwa siku hiyohiyo saa kumi jioni; alama ziligeuka rangi akiwa anazitazama. Halafu kimya. Alhamisi, kimya. Alikwenda na simu msalani, alikwenda nayo dukani, aliongeza sauti ya mlio mpaka Redio akamuuliza kama anangoja kupigiwa na rais. Simu ililia mara nyingi. Walikuwa watu wa vocha, watu wa misumari, na mtu aliyekosea namba, ambaye Mama Michoro alimjibu kwa upole kupita kiasi.

Ijumaa tufe jipya kutoka ghalani lilikuwa tayari, limeng'arishwa, limefungwa kwenye mashine ya kutoboa. Siku hizi mashine inasoma mchoro wenyewe, drili inakwenda inakotakiwa. Asubuhi ile Mama Michoro alifanya kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa miaka tisa: alisukuma meza yake, miguu ikikwaruza sakafu, akaielekeza kwenye dirisha linalotazama chini kwa mafundi. Akaiona kona. Msumari bado upo. Mtu ametundika kofia.

"Tuanze, mama?" Redio alipaza sauti. "Namba moja, kitakoni!"

"Anza," alijibu.

Simu ikalia mezani. Alitupa jicho akidhani ni vocha. Yalikuwa maneno machache.

"Dada, la kwanza usitoboe. Pale pa kushika fundo."

Redio baadaye alisimulia kwa kila aliyekuwa tayari kusikiliza kwamba hajawahi kuona mtu mzima akishuka ngazi namna ile, vipandio viwiliviwili, kiatu kimoja kimebaki juu, anapiga kelele, "Simamisha! Zima! Zima hiyo!" Drili ilikuwa imeshaanza kuzunguka, ncha yake iko unene wa kidole kutoka kwenye shaba. Redio alipiga kitufe chekundu. Mashine ikaguna, ikatulia.

"Kuna nini?"

"Hapo hapatobolewi," alisema, akihema. Akaweka dole gumba lake pale kitakoni, kwenye shaba ya baridi, na kulikandamiza. "Hapa pana kidole."

Redio alimtazama kidole, akamtazama usoni. Mama Michoro alibaki ameinama vile, kidole hapo, haelewi kwa nini hawezi kukiondoa. Ingekuwaje kompyuta ijue? Inaanza kuhesabu pale mstari unapoanzia. Hata daktari alisema, akikaa chini yake taa haijawahi kumchoma macho, na yeye aliandika kwenye daftari bila kusikia. Pale mstari unapoanzia, kijana alikuwa ameshika fundo ili uzi usifumuke, na mtu hawezi kuweka alama chini ya kidole chake mwenyewe. Taa zote za Mkono zilikuwa hivyo. Zote zilikuwa na mahali pamoja pasipotobolewa.

Akapanda taratibu, akavaa kiatu, akaifuta nukta ya kwanza kwenye mchoro. Zikabaki mia mbili na kumi na tatu. Halafu akaandika: "Nimeliacha. Bikari yako ninayo. Sijailegeza."

Mashine ilitoboa kutwa. Kila tundu lilipokamilika alilisikia kutoka kule juu, na hakuhesabu. Saa kumi na moja mafundi walianza kunawa mikono, Redio akapitisha ufagio, mtu akaichukua kofia yake msumarini. Mama Michoro alikuwa anafunga droo, bikari ndani, funguo mkononi, simu ilipolia.

"Kaa nayo mpaka nije."